Kwa Nini Rangi ya Bafu Hubambuka?

Katika nyumba nyingi za miji yetu kuna chumba kimoja ambacho rangi yake haimalizi mwaka. Sebule yaweza kukaa miaka sita bila kuguswa, na chumba cha kulala zaidi ya hapo. Lakini bafuni, hasa upande ule wa shawa, rangi huvimba kama ngozi iliyoungua, hupasuka, kisha huanguka sakafuni vipande vipande. Mwenye nyumba hununua kopo jingine, humwita fundi, na baada ya miezi michache hali hurudia ile ile. Lawama hutupiwa rangi, ama fundi, ama hewa ya bahari. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukuta wa bafu ni maabara ndogo ambamo kemia na fizikia ya shule ya sekondari hutenda kazi usiku na mchana, na kwamba anayetaka kulirudishia bafu la zamani sura yake kwa rangi hana budi kwanza kuusoma ukuta wake.

Niseme mapema kwamba nilijifunza jambo hili kwa aibu. Niliporejea nchini baada ya kumaliza shahada ya uzamivu ng'ambo nilipata nyumba kuukuu ambayo bafu lake lilikuwa limechakaa. Lipu ya zamani ilikuwa imemumunyuka kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, nami nikaamuru ibanduliwe na ipigwe mpya ya saruji. Siku ya sita nilinunua rangi ya mafuta ya kung'aa, ya gharama kubwa, nikamwambia fundi aipake. Fundi, mzee mmoja mtulivu, aliweka kiganja ukutani, akatikisa kichwa.

"Daktari, lipu hii bado mbichi. Ukiipaka mafuta itatoa ute."

"Mzee wangu, mbona imekauka? Nimeigusa mwenyewe."

"Imekauka kwa nje. Haijakomaa."

Nilishikilia neno langu, naye kwa heshima alipaka. Haukupita mwezi wa pili ukuta ukaanza kuteleza. Rangi iligeuka manjano, ikalainika, na mtu aliyeipitishia kidole aliondoka na utando unaonata, wenye harufu ya sabuni ya mche. Wakati huo huo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu, ubaoni, jinsi sabuni inavyotengenezwa.

Ukuta unaopika sabuni

Saruji tunayoitumia leo ni ya aina ile iliyopewa hataza huko Uingereza mwaka 1824 na mjenzi Joseph Aspdin wa Leeds, ambaye aliiita saruji ya Portland, ingawa imeboreshwa sana tangu wakati huo. Inapochanganywa na maji haikauki tu kama udongo wa mfinyanzi. Chembe zake huungana na maji kikemia na kujenga fuwele na utomvu mgumu unaoshikilia mchanga. Katika muungano huo huzaliwa pia zao la pembeni, nalo ni haidroksidi ya kalisi, yaani chokaa iliyozimwa. Si kidogo: katika saruji iliyokomaa huchukua kati ya sehemu moja ya tano na robo ya ujazo wote wa bandiko lile. Zaidi ya hayo saruji huwa na alkali za sodiamu na potasiamu, kidogo lakini kali. Kwa sababu hiyo maji yaliyomo katika vinyweleo vya lipu mpya huwa na pH ya 12.5 hadi 13. Mwanafunzi aliyewahi kuchovya karatasi nyekundu ya litimasi katika maji ya chokaa anafahamu ukali tunaouzungumzia.

Sasa tuitazame rangi ya mafuta. Rangi za kale zilitengenezwa kwa mafuta ya kitani, ambayo hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani. Tangu miaka ya 1920 mahali pa mafuta matupu pamechukuliwa na resini ziitwazo alkidi, ambazo ni mafuta ya mimea yaliyounganishwa na asidi na alkoholi hadi yakawa minyororo mirefu. Katika aina zote mbili kiungo kinachoshikilia molekuli ni kile kile: esta, yaani kiungo kati ya asidi na alkoholi. Na esta ina adui mmoja mkubwa. Ikikutana na alkali mbele ya maji hukatika, na asidi ya mafuta hunaswa na chuma cha alkali kuwa chumvi. Chumvi hiyo ya asidi ya mafuta ndiyo sabuni. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeifumbua siri hii na kuichapisha kwa ukamilifu mwaka 1823, baada ya miaka mingi ya kuchunguza mafuta ya wanyama.

Kwa hiyo aliyepaka rangi ya mafuta juu ya lipu mbichi ameweka mafuta na alkali pamoja. Shawa inaleta maji, na kilichobaki ni kungoja. Mzee fundi hakutumia neno esta, lakini alijua kwamba kinachotokea ni ute, na alijua utatokea lini. Kukauka na kukomaa ni mambo mawili. Lipu hukauka usoni kwa siku chache, lakini huhitaji wiki nne kwa uchache kabla ya kupakwa rangi, na bafuni ambako hewa ni nzito huhitaji zaidi. Katika muda huo maji ya ziada hutoka, na chokaa ya juu huanza kurudi kuwa jiwe kwa kunyonya hewa ya kaboni dayoksaidi:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O

Kalisi kaboneti inayopatikana haina ukali wa kuidhuru rangi. Mabadiliko haya huanzia usoni na kuingia ndani polepole mno, milimita chache tu kwa miezi, na mwalimu anaweza kuyaonyesha darasani bila gharama kubwa. Achukue kipande cha lipu mpya na kingine kilichotoka katika nyumba ya zamani, avivunje, kisha adondoshee matone ya fenolfthalini juu ya sehemu iliyovunjika. Penye alkali patageuka rangi ya waridi iliyoiva papo hapo; palipokwisha kuwa kaboneti patabaki vile vile. Katika kipande cha zamani wanafunzi wataona mpaka kati ya sehemu hizo mbili, wazi kama mstari uliochorwa kwa rula.

Maji yapandayo na chumvi ijifichayo

Si kila rangi ibambukayo imegeuka sabuni. Mara nyingi, hasa katika miji ya pwani, kipande kilichoanguka kikigeuzwa mgongo huonekana kimepakwa unga mweupe kama sukari ya unga. Uweke ulimini kidogo sana (ikiwa una hakika kwamba rangi ile si ya zamani, kwa sababu nitakayoieleza baadaye) nao utakuta chumvi.

Chumvi hii hutoka wapi? Baadhi huwa katika mchanga wenyewe, kwani si wajenzi wote wanaokataa mchanga wa ufukweni. Nyingine hutoka ardhini, ikibebwa na maji yapandayo ukutani. Maji hupanda kwa sababu vinyweleo vya matofali na lipu ni mirija myembamba, na katika mrija mwembamba mvutano wa uso wa maji huyavuta juu dhidi ya uzito wao. Kanuni yake ni nyepesi: kimo cha maji, kwa milimita, ni takriban 15 kugawanywa kwa nusu kipenyo cha mrija, nacho kwa milimita. Mrija wenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 huyapandisha maji kiasi cha sentimita 15. Ukiwa wa milimita 0.01, kimo kinakuwa mita moja na nusu. Katika ukuta wa kweli hayafiki mbali hivyo, kwa kuwa njiani huwa yanakauka, lakini msomaji ataona sasa kwa nini bafu langu lilikuwa limeharibika hadi kiunoni na si hadi darini. Nyumba zilizojengwa bila nailoni nzito ya kuzuia maji kati ya msingi na ukuta ndizo zinazoteseka zaidi.

Maji yakifika usoni hugeuka mvuke na kuondoka; chumvi haiwezi kuondoka. Hubaki na kujenga fuwele. Fuwele ikikua ndani ya kinyweleo chembamba husukuma kuta zake kwa nguvu ya kutosha kuuvunja mchanga na saruji. Ikikua nyuma ya rangi isiyopitisha mvuke, huisukuma rangi nje. Chumvi nyingine zina hila zaidi. Salfeti ya sodiamu iliyo kavu ikipata unyevu hunyakua molekuli kumi za maji na kuwa fuwele nyingine ambayo ujazo wake ni zaidi ya mara tatu ya ule wa kwanza. Hakuna lipu inayostahimili mchezo huo kwa miaka mingi.

Na hii chumvi ya kawaida, ile ya jikoni, ina tabia inayowasumbua watu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kwa namna ya pekee. Hewa ikiwa na unyevuanga wa zaidi ya asilimia 75 hivi, chumvi hunyonya mvuke kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Unyevuanga ukishuka chini ya hapo, hukauka na kuwa fuwele tena. Pwani, alfajiri, hewa mara nyingi hupita kiwango hicho, na mchana hushuka. Basi ukuta wenye chumvi hutoka jasho usiku na kukauka mchana, kila siku ya Mungu, hata kama hakuna aliyefungua bomba. Ndiyo maana kupaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo, hata iwe rangi ya thamani gani, ni kupoteza fedha. Chumvi haina budi kuondolewa kwanza: lipu iliyooza ibanduliwe kupita sehemu inayoonekana, ukuta uachwe ukauke, unga ufagiliwe kwa brashi kavu na si kwa maji (maji huirudisha chumvi ndani), na chanzo cha maji kizibwe. Chanzo chenyewe huenda kisiwe ardhi. Huenda ni bomba linalovuja polepole ndani ya ukuta, na hili hupimwa kwa kufunga mabomba yote usiku na kuitazama mita asubuhi.

Kuna pia maji yanayotoka hewani. Hewa iliyoshiba mvuke kwenye nyuzi 30 za Sentigredi hubeba kiasi cha gramu 30 za maji katika kila mita ya ujazo. Kwenye nyuzi 20 huweza kubeba gramu 17 tu. Anayeoga maji ya moto asubuhi ya baridi kule Mbeya au Nairobi huijaza hewa mvuke, na hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi huziacha gramu zile za ziada juu ya rangi. Hapo ndipo kuvu nyeusi hujipatia makazi. Dirisha dogo la juu, likiachwa wazi, huifanyia rangi wema kuliko kopo la pili.

Mabafu ya zamani

Yafaa hapa tujiulize wazee wa pwani walifanyaje, kwani hawakuwa na rangi ya mafuta wala ya maji, ilhali walipenda kuoga. Katika nyumba za mawe za Lamu kila msala ulikuwa na birika lake la kuhifadhia maji, lililojengwa kwa mawe na kusilibwa chokaa laini. Ndani yake waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika bakuli la kauri lililopachikwa ili samaki wapate kimbilio maji yakipungua. Unguja kuna hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 wakati wa Sultani Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na ile ya Hamamni mjini, ya wakati wa Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Kuta zake ni za chokaa. Huko Kidichi nakshi za maua na ndege zilizochongwa katika chokaa zinaonekana hata leo.

Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya magogo yaliyopangwa. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi jiwe huachilia kaboni dayoksaidi, na kila kilo 100 za kalisi kaboneti safi hutoa kilo 56 za chokaa hai. Ikizimwa kwa maji na kupakwa ukutani, hurudi kuwa jiwe lile lile lililotoka baharini. Siisifu desturi ya kuchoma matumbawe, ambayo imeyaharibu makazi ya samaki na kumaliza miti, nausifu ukuta. Chokaa haina esta ya kukatwa na alkali, kwa kuwa yenyewe ni alkali. Kuvu haiipendi kwa sababu hiyo hiyo. Tena huacha mvuke upite, hivyo maji yaliyo ndani ya ukuta hutoka bila kusukuma kitu. Inachafua nguo, ni kweli, na hudai kupakwa upya kila mwaka au miwili, lakini kwa bafu la nje lenye ukuta wenye chumvi bado sijaona dawa iliyo rahisi kuipita. Anayeizima ajikinge macho, maana tone moja la chokaa laweza kupofusha.

Uchaguzi wa rangi

Tuseme sasa kwamba ukuta ni mkavu, umekomaa, na hauna chumvi. Rangi ipi ipakwe?

Rangi ya maji ni mchanganyiko wa vitone vya plastiki vilivyo vidogo mno, vingi vikiwa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya elfu moja ya milimita, vinavyoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakiondoka, vitone husogeleana, hubanana, na mwisho hushikamana kuwa ngozi moja. Katika baridi kali vitone huwa vigumu na havishikamani vizuri, ndiyo maana fundi wa Njombe hapaki alfajiri ya mwezi wa Julai. Plastiki zenyewe si sawa. Zile za bei nafuu, za asetati ya polivinili, zina esta zinazokatwa na alkali kwa wepesi, na hulainika zikikaa majini. Zile za akriliki nazo zina esta, lakini esta hizo zimening'inia kando ya mnyororo, na mnyororo wenyewe ni wa kaboni kwa kaboni. Katika alkidi ni kinyume: esta imo ndani ya mnyororo, ikikatika mnyororo hukatika. Mwanafunzi akichora molekuli hizi mbili kwa penseli ataelewa mara moja kwa nini moja hustahimili saruji na nyingine hugeuka ute. Kwa kuta za bafu zisizorushiwa maji moja kwa moja, rangi ya maji ya akriliki yatosha.

Pale pa shawa penyewe, na juu ya vigae vya kung'aa ambavyo wengi huviita marumaru, huhitajika kitu kingine. Uso wa kigae ni kioo. Hauna vinyweleo vya kuing'ang'aniza rangi, na juu yake kuna utando usioonekana wa mafuta ya mwili na wa sabuni iliyoungana na kalisi ya maji magumu, ambayo haiyeyuki majini. Jaribu kudondosha tone la maji juu ya kigae cha bafuni. Likijikusanya kama shanga, kigae ni kichafu, na rangi nayo itajikusanya vivyo hivyo. Kisugue kwa sabuni ya unga na siki, kisuuze sana, kikaushe. Kisha kipige msasa mpaka mng'ao wote uishe. Dondosha tone tena. Sasa litatandaa.

Rangi inayofaa hapo ni epoksi, ambayo huuzwa katika makopo mawili. Ilibuniwa katika miaka ya 1930 na 1940 na Pierre Castan huko Uswisi na Sylvan Greenlee huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Katika kopo la kwanza mna resini ambayo ncha za molekuli zake zina pete ya kaboni mbili na oksijeni moja, pete iliyobanwa kama upinde uliovutwa. Katika kopo la pili mna kigumishi, aghalabu kiwanja cha naitrojeni kiitwacho amini. Vikichanganywa, amini hufungua pete na kufunga molekuli moja kwa nyingine kila upande, mpaka utando wote ukawa kana kwamba ni molekuli moja kubwa. Viungo vyake vikuu si esta, basi alkali haina pa kukata. Kazi hii hutoa joto. Kwenye ukuta joto hupotea. Lakini ukiacha mchanganyiko mwingi ndani ya kopo, utapata moto, utafuka moshi, na utaganda pamoja na brashi yako. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, kwa uwiano ulioandikwa na si kwa kukisia, maana amini ikipungua au kuzidi utando hubaki laini milele. Vaa glavu: ngozi ikishajifunza kuikataa amini haisahau.

Hatari tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa rangi iliyobambuka haijamwua mtu, lakini kazi ya kuiondoa imewaua.

Bafu ni chumba kidogo chenye dirisha juu. Miongoni mwa dawa za kulainisha rangi ya zamani kuna zenye daikloromethani, kimiminika kisicho na rangi kinachochemka kwenye nyuzi 40 tu. Uzito wa molekuli yake ni 85, na wastani wa hewa ni 29; yaani mvuke wake ni mzito takriban mara tatu kuliko hewa. Haupandi dirishani. Hutuama sakafuni na ndani ya hodhi, mahali anapoinamia mfanyakazi. Huleta usingizi, kisha huzima pumzi, na sehemu yake ndani ya mwili hugeuka kaboni monoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa. Huko Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2011, mafundi 13 wa kupaka upya mahodhi walikufa kwa njia hii. Mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku dawa hizo kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani. Ushauri wangu ni mfupi: usiitumie bafuni. Kikwaruzio na subira vinatosha.

Hatari ya pili ni madini ya risasi. Kwa karne nyingi weupe wa rangi ulitokana na kaboneti ya risasi, na manjano yake na kromati ya risasi. Mwaka 1904 tabibu wa macho wa Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto wa mji ule waliokuwa wakipooza na kupofuka walikuwa wakisumishwa na rangi ya nyumba zao wenyewe, iliyowashika vidoleni na kuingia kinywani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo. Marekani haikuipiga marufuku katika rangi za nyumba mpaka mwaka 1978. Leo kiwango kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 katika milioni, yaani miligramu 90 katika kilo moja ya rangi kavu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kinachoharibika kwa mtoto ni ubongo, na hauponi. Maadamu huwezi kujua kwa macho kilichomo katika tabaka la chini la bafu la miaka hamsini, lihesabu kuwa na risasi. Usilipige msasa kavu. Lilowanishe kwanza, tumia msasa wa maji, panguza sakafu kwa kitambaa cha maji badala ya kufagia, funga magamba yote katika mfuko, wala usiyatupe bustanini ambako kuku huparua. Watoto na mama wajawazito wakae mbali siku hizo.

Ya tatu ni desturi ya kumwaga jiki juu ya kuvu, na kuona haifanyi kazi upesi, kuongeza asidi ya chooni. Jiki na asidi hutoa klorini, gesi ile ile iliyotumika kama silaha huko Ypres mwezi Aprili 1915. Jiki peke yake, iliyotiwa maji, dirisha likiwa wazi, huua kuvu ya juu kwa nusu saa. Ikiwa umetumia siki kusafisha vigae, suuza na ungoje siku nyingine.

Kuhusu bafu langu, niliubandua utando ule wote kwa mikono yangu, kama adhabu, nikauosha ukuta na kuuacha wazi wiki kumi. Kisha nilibandika kipande cha nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, nikaziba kingo zake kwa gundi ya karatasi, nikakiacha usiku kucha. Asubuhi hakukuwa na tone nyuma yake. Nilimwita tena mzee. Aliweka kiganja pale pale alipokiweka mara ya kwanza, akakiacha hapo kitambo, kisha akasema, "Sasa changanya."

Tulipaka epoksi mara mbili, ya pili kesho yake kabla ya ile ya kwanza kuwa ngumu kabisa, ili zishikane. Siku ya tatu ilikuwa kavu kwa kuguswa, na watoto walitaka kuoga. Lakini pete zile za kaboni na oksijeni huendelea kufunguka na kufungana kwa siku nyingi baada ya uso kukauka; kwa hiyo tulioga kwa ndoo na kopo uani siku saba nzima, ndipo shawa ikafunguliwa.